Riba ya Kumwogesha Dada Yangu

Siku mwanamke wa bima alipokuja kumtazama dada yangu Enid, mimi nilikuwa stoo ya jikoni, nimekalia gunia la viazi, mlango umefungwa, na nimeonywa nisipige chafya.

Sikujificha kwa kupenda. Enid ndiye aliyenisukumia humo kwa ncha ya fremu yake ya kutembelea, kama mtu anayefukuza kuku. Tangu alfajiri alikuwa amenifanyisha kazi: kusugua ngazi ya mlango wa mbele, kutoa vikombe vya chai vyenye maua tunavyovitoa akija kasisi tu, kumvika sweta la bluu na kumfunga vifungo vyote tisa, kisha kuoka keki ya tangawizi. Keki ilipoiva akaniambia, "Haya, Thelma, potea."

"Nipotelee wapi? Ni nyumba ya vyumba viwili."

"Stoo."

"Dada, huyu mtu amekuja kuangalia nani anakutunza. Anayekutunza ni mimi."

"Sitaki mgeni anione kama mzigo. Ingia."

Nikaingia. Nikasikia kila kitu. Yule mwanamke alisifu nyumba, akasifu keki. Akauliza, "Unaoka mwenyewe, Bi Enid?" Na dada yangu, ambaye mkono wake wa kulia hauwezi kushika hata kijiko cha chai, akajibu kwa sauti ya kanisani, "Hatulalamiki. Tunajiweza."

Nilikaribia kuuma kiazi kibichi.

Miaka minne kabla ya siku hiyo, gari la dobi lilirudi nyuma bila dereva kutazama, likamkuta Enid nje ya posta ya hapa mjini kwetu Bacup ametoka kulipia umeme. Nyonga ilivunjika, mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili, na kiwiko cha kulia hakikurudi tena kuwa kiwiko. Wenye gari walikiri kosa wiki ile ile, kwa hiyo hapakuwa na ubishi nani mwenye hatia. Ubishi na bima yao ulikuwa fidia iwe kiasi gani, na ubishi wa namna hiyo hauishi.

Wakati huo mimi na Enid tulikuwa hatujasemezana miaka kumi na moja. Sababu ilikuwa bakuli la pai la marehemu mama. Cheka ukipenda, wengi wamecheka kabla yako. Ni bakuli kubwa la udongo, kahawia nje, jeupe ndani, na lina pengo dogo mdomoni ambapo baba aliligonga kwenye bomba la maji. Siku ya mazishi, watu bado wanatafuna mikate ya nyama, Enid alilitoa kabatini, akalifunga gazeti, akalitia kikapuni na kuondoka nalo mbele ya macho yangu. Mama alikuwa ameniahidi mimi. Enid husema mama alimwahidi yeye. Siku hizi nahisi mama alituahidi wote wawili ili apate kunywa chai yake kwa amani.

Basi hospitali ilipomuuliza Enid kama ana ndugu, akataja jina langu. Wakanipigia simu. Nilikwenda na begi la wiki mbili. Nilikuwa mpishi wa shule, nina nyumba yangu ndogo ya kupanga ya halmashauri yenye dirisha linalotazama uwanja wa mchezo wa mipira ya mbao, ambako wazee huja kuviringisha mipira yao na kutukanana. Wiki mbili zikawa mwezi. Mwezi ukawa upasuaji wa pili, kisha wa tatu. Kazi nikaiacha, ufunguo wa nyumba nikaurudisha, na begi lile mpaka leo liko chini ya kitanda cha Enid kama vile nitaondoka Ijumaa.

Nilimwogesha kila asubuhi. Nilimgeuza, nilimvalisha, nilimwaga kile ambacho lazima kimwagwe. Usiku nilikuwa nalala kwenye kochi, na kamba imefungwa kidoleni mwangu cha mguu, ncha nyingine mkononi mwake, ili akitaka kitu avute. Alivuta sana. Na bakuli la mama lilikuwa juu ya kabati, tunaliona wote, na mimi nilikuwa napika pai ya nyama na viazi kwenye bati bovu lililopinda kuliko kuomba lile. Hakuna aliyelitaja.

Wala hakuna aliyetaja kuoga. Majirani waliambiwa, "Thelma amekuja kukaa nami, nyumba yake ilikuwa na unyevu." Nyumba yangu ilikuwa kavu kama biskuti.

Wakili wetu alikuwa Rukhsana, binti wa Rochdale, mji wa jirani, ofisi yake juu ya duka la viatu, na ana subira ambayo mtu hupewa tu na wazazi wakali. Mwanzoni kabisa alinipa daftari. "Bi Thelma, kila siku andika unachomfanyia Bi Enid. Kila kitu. Na saa ngapi."

Nikaandika. Nilijivunia daftari lile, sikuruka hata siku moja. Alipokuja kulisoma, alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akafunua wa ishirini.

"Jumatatu, kama kawaida," akasoma. "Jumanne, kama kawaida. Jumatano, kama kawaida, mvua. Alhamisi, si vibaya. Bi Thelma, 'si vibaya' ni nini?"

"Ni ile siku aliyoanguka bafuni."

"Na 'kama kawaida'?"

"Mwanangu, ni kama kawaida."

Akafumba macho kidogo. Sasa mimi nitasemaje? Kwetu mtu akikatwa mguu akaulizwa hali, hujibu kwamba si vibaya, kwani bado anao mmoja. Kumwandikia mgeni kwamba umemwosha dada yako makalio mara elfu moja na mia nne, hiyo ni kujitangaza. Na Enid angelisoma. Alikuwa analisoma kila Jumapili, kuhakikisha.

Siku hiyo Rukhsana alikuwa amekuja na ripoti ya mwanamke wa bima. Aliiweka mezani. Ilisema kwamba mdai anaishi katika nyumba safi sana, amevaa nadhifu, alimpokea mgeni kwa keki aliyoioka mwenyewe, na kwamba dada yake anayesemekana kumtunza hakuonekana.

"Hakuonekana," nikasema. "Hiyo ni kweli tupu. Nilikuwa na viazi."

Enid akatazama dirishani.

Hapo ndipo Rukhsana alipotueleza, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka, na hakijatulia bado. Alisema katika fidia ya Enid kuna fungu la maumivu, fungu la hospitali, na fungu la utunzaji. Hilo la tatu ni la saa nilizomtunza bila malipo. Huhesabiwa kana kwamba Enid angeajiri mtu, kisha hukatwa robo kwa kuwa sikulipa kodi.

"Lakini sikulipwa," nikasema.

"Ndiyo."

"Wananikata robo kwa ajili ya kodi ya mshahara ambao sikulipwa."

"Ndiyo, Bi Thelma. Na fungu hilo analipwa Bi Enid."

"Yeye? Aliyeoshwa?"

"Analipwa yeye, lakini si lake. Anakushikia wewe. Sheria inamtaka akupe."

Enid akageuka kutoka dirishani kwa mara ya kwanza. "Mimi nimshikie Thelma pesa?"

"Umenishikia bakuli miaka kumi na tano," nikasema. "Una mazoezi."

Rukhsana hakujua habari za bakuli, akadhani nimechanganyikiwa, na kweli nilikuwa nimechanganyikiwa, ila si kwa hilo. Akaendelea. Juu ya fungu hilo kuna riba.

Laiti asingetumia neno hilo. Katika nyumba tuliyokulia, riba ilikuwa mtu. Alikuja kila Ijumaa saa kumi na moja, kofia ya kahawia, daftari dogo, akagonga mlango mara tatu. Mama alikopa kwake mashuka na viatu vyetu, na kila Ijumaa alituingiza nyuma ya kochi, mimi na Enid, tukashikana mikono tusipumue mpaka kofia ipite dirishani. Enid alikuwa ananiziba mdomo maana mimi nilikuwa nacheka.

"Riba siitaki," Enid akasema. "Hiyo ni kazi ya watu wa mlangoni."

"Bi Enid, hii ni tofauti. Hii ni fidia ya kungojeshwa. Dada yako alifanya kazi mwaka wa kwanza, mpaka leo haijalipwa. Wao wamekaa na pesa hizo muda wote. Riba ni ya kungoja."

"Basi tupe," nikasema. "Kiasi gani?"

"Nusu ya kiwango cha kawaida."

"Kwa nini nusu? Nilimwosha nusu?"

Alichukua penseli. Alichora mstari mrefu wa miaka, akaweka vidoti. Akasema saa niliyomtunza siku ya kwanza imengoja miaka yote, lakini saa ya jana imengoja siku moja tu. Ukichanganya zote, kwa wastani zimengoja nusu ya muda. Basi sheria hukata shauri kwa kutoa nusu.

Nikaufikiria mstari ule. "Kwa hiyo kumwogesha leo asubuhi hakuna riba."

"Karibu hakuna."

"Na kumwogesha siku ya kwanza kuna riba kubwa."

"Ndiyo."

"Sasa si mngeniambia! Ningemwosha mara elfu moja siku ya kwanza, halafu nirudi kwangu nikakae na riba."

Rukhsana alicheka mpaka akaweka penseli chini. Enid hakucheka. Alisema, "Nani alisema niliogeshwa?"

 Rukhsana akazungumza polepole, kama mtu anayemvusha mzee barabara. Alisema upande wa pili wana ripoti ya keki na daftari la kama kawaida. Watasema Bi Thelma alihamia kwa sababu ya unyevu. Mimi sitaaminiwa peke yangu, maana pesa ni zangu. Mwenye kusema ni Enid. Asiposema, fungu la utunzaji litakuwa sufuri, na riba ya sufuri, iwe nusu iwe nzima, hata yeye Rukhsana aliweza kuihesabu bila penseli.

"Nitafikiri," Enid akasema. Kwa Enid hiyo maana yake ni hapana.

Nataka nieleweke. Pesa nilizitaka, si mtakatifu mimi. Nilikuwa sina nyumba, sina kazi, na pensheni yangu ingetosha kumlisha njiwa mwenye nidhamu. Lakini usiku ule kwenye kochi, kamba kidoleni, niligundua kilichokuwa kinanichoma kilikuwa kingine. Kama Enid hasemi, basi miaka ile haikutokea. Ningekuwa mwanamke aliyekimbia unyevu.

Mwaka mwingine ulipita katika barua, kama inavyokuwa kwa watu wa sheria, ambao hawajui kuandika barua fupi wala kuijibu upesi. Kisha tukaitwa Manchester, si mahakamani, bali kwenye mkutano wa kupatana. Rukhsana alituletea teksi.

Utaratibu wenyewe ni wa ajabu. Kuna vyumba viwili mwisho wa ukumbi mmoja. Sisi chumba hiki, wao chumba kile, na katikati choo. Hatuonani. Mawakili ndio wanaokwenda na kurudi na vikaratasi vyenye tarakimu, wanavikunja kama watoto wanaotumiana barua darasani. Nilichungulia chumba chao mlango ulipokuwa wazi. Walikuwa na biskuti za chokoleti. Sisi tulipewa zile kavu.

Tulikalishwa kwenye makochi ya ngozi, laini, chini kabisa. Niliyaona nikajua, haya ni makochi ya watu wenye nyonga nzima. Sikusema kitu. Nilimshusha Enid taratibu, akazama mpaka magoti yakawa juu ya kifua.

Rukhsana akaenda, akarudi. Fungu la maumivu, wamekubaliana vizuri. Fungu la hospitali, hakuna shida. Akakaa mkabala nasi, akafungua kikaratasi cha tatu.

"Utunzaji, sufuri. Wakili wao, Bwana Pell, anasema ni msaada wa kawaida wa ndugu wanaoishi pamoja. Ananukuu daftari. Ananukuu keki." Akamtazama Enid. "Bi Enid, naweza kurudi nikamwambia vingine. Lakini lazima vitoke kwako. Nikuulize tena. Bi Thelma alikuwa anakufanyia nini?"

Enid alirekebisha sweta la bluu. Vifungo tisa, nilikuwa nimevifunga saa kumi na mbili asubuhi. "Tunajiweza," akasema. "Nipe nitie sahihi."

"Ukitia sahihi, mambo yamekwisha. Hairudi tena."

"Nipe."

"Nitakupa dakika kumi," Rukhsana akasema, akatoka, na mimi namheshimu kwa hilo mpaka leo, kwani aliona uso wangu.

Tukabaki wawili. Nikachukua biskuti kavu. Nikaila. Nikachukua nyingine. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo si la sheria. Enid alikunywa vikombe vitatu vya chai tangu tufike.

Baada ya dakika nne akasema, "Thelma."

"Naam, dada."

"Nataka kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Unajua wapi."

"Mlango ule pale. Wa katikati."

Akanyoosha mkono wa kushoto, kama kila siku, nimshike. Mimi nikapangusa makombo kwenye sketi.

"Thelma, nisaidie."

"Kukusaidia? Mimi nimekuja kwa ajili ya unyevu."

"Usilete mchezo wako."

"Mchezo gani? Ripoti inasema unajiweza. Umeoka keki, Enid! Mtu aliyeoka keki hashindwi na kochi."

Akajaribu. Mungu anisamehe, nilimwacha ajaribu. Alishika fremu kwa mkono mmoja, akajivuta, ngozi ya kochi ikalia chini yake, akarudi kuzama zaidi kuliko mwanzo. Akajaribu tena. Uso ulimwiva. Mara ya tatu hakujaribu, alikaa tu, mkono wake mbovu umelala pajani kama glovu aliyoisahau mtu. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa mdogo hivyo, wala nyuma ya kochi la mama.

"Nitajikojolea," akasema kwa sauti ndogo. "Mbele ya watu wa Manchester."

Nikasimama. Mchezo haukunoga tena. Nikampitisha mkono chini ya kwapa, goti langu kwenye goti lake, moja, mbili, tatu, kama kila siku, akainuka. Tulifika kwa wakati. Humo ndani nilimfanyia niliyokuwa namfanyia, yeye anatazama vigae vya ukuta, nami natazama vigae, kwa adabu zetu za miaka mitano.

Nilipomfunga kifungo cha mwisho akasema, akiviambia vigae, "Kila siku."

"Kila siku nini?"

"Ni kila siku, sivyo? Hata Krismasi."

"Krismasi ni mara mbili kwa siku," nikasema. "Ulikula zabibu nyingi."

Tukatoka. Chumba chetu kilikuwa mkono wa kulia. Enid akaelekeza fremu kushoto.

"Dada, si huko."

"Najua."

Rukhsana alituona kutoka mwisho wa ukumbi akaja mbio, "Bi Enid, hairuhusiwi, wateja hawaingii," lakini kumzuia Enid akishashika mwendo ni sawa na kuzuia lile gari la dobi. Alisukuma mlango kwa fremu. Ndani mlikuwa na Bwana Pell, mtu mrefu mwenye miwani shingoni, biskuti ya chokoleti karibu na mdomo, na kijana wa bima na tarakilishi yake. Walisimama wote wawili. Watu wenye malezi.

"Wewe ndiye unayesoma daftari?" Enid akamuuliza.

"Bibi, nadhani wakili wako..."

"Mimi ni Enid Haworth. Huyu ni mdogo wangu, Thelma. Ananiogesha. Ananivua na kunivika. Mwaka wa kwanza alinifuta kama mtoto mchanga, na mimi nilikuwa namtukana kwa sababu maji ni baridi, na maji hayakuwa baridi. Alilala na kamba kwenye kidole cha mguu. Nilikuwa naivuta saa nane usiku, wakati mwingine bila haja yoyote. Nilitaka tu kujua kama yupo."

Hilo la mwisho sikulijua. Nilisimama pale nimemshika kiwiko, na sikujua nitazame nini. Nikaitazama sahani ya biskuti.

Bwana Pell akaweka yake chini. "Na keki, bibi?" akauliza kwa upole. Lazima aulize, ndiyo kazi yake.

"Aliioka yeye. Nilimfungia stoo."

"Ulimfungia..."

"Stoo. Juu ya viazi. Sasa andika." Akamgeukia kijana. "Wewe pia andika."

Kisha akageuza fremu, jambo linalochukua muda mrefu kwenye zulia nene, na sisi wanne tukangoja kwa heshima mpaka alipomaliza kugeuka.

Rukhsana alitukalisha kwenye viti vya kawaida safari hii. Alikwenda akarudi mara nne. Mara ya mwisho akakunjua kikaratasi mezani. Utunzaji, pauni elfu kumi na sita. Riba, pauni elfu mbili na mia nne.

"Hiyo riba ni nusu?" Enid akauliza.

"Ni nusu, Bi Enid, kama nilivyoeleza."

"Haitoshi. Amengoja nzima."

Mimi na Rukhsana tukatazamana. Mtu aliyesema hataki riba nyumbani mwake! Basi ikabidi mimi nichukue penseli, mimi niliyeacha shule kabla sijaona hesabu za maana, nikamchorea mstari, nikatia vidoti. Hiki cha kwanza kimengoja sana, hiki cha jana kimengoja kidogo. Katikati nilipotea, vidoti vikawa vingi kuliko siku, Rukhsana akanisaidia, naye akapotea kidogo. Enid alitazama mstari kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo riba ni kwa sababu ya kungojeshwa," akasema. "Si kwa sababu mtu ni mchoyo."

"Ndiyo," Rukhsana akasema.

"Na kinacholipwa kwanza ni kile kilichongoja zaidi?"

"Hapana, vyote vinalipwa pamoja."

"Hmm," akasema Enid, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda huku na huko.

Kwenye teksi Enid alitazama nje mpaka tulipopanda kilima cha kwetu. Mimi nilikuwa nahesabu. Pesa zitakuja kwa jina la Enid, lakini ni zangu. Nikipewa, nitamlipa Enid kodi ya chumba? Na nikimlipa, si zitakuwa zake tena? Na kesho asubuhi nitakapomwogesha, hiyo iko kwenye mstari upi, wa zamani au wa mbele? Nilimuuliza dereva. Alisema yeye anaendesha tu.

Tulipofika nilimketisha jikoni, kwenye kiti chake kirefu. Nikatoa viazi stoo, rafiki zangu wa zamani, nikaanza kumenya. Nyama ilikuwa tayari tangu jana. Nikainama kutafuta lile bati lililopinda.

"Acha hilo," Enid akasema.

"Nitaokea nini sasa, kofia yangu?"

Akaonyesha juu ya kabati kwa kidevu.

Nilipanda kwenye kiti, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu amekatazwa, nikalishusha. Lilikuwa na vumbi la miaka kumi na sita, na chini ya vumbi, lile pengo alilolitia baba. Nikaliosha. Maji yalikuwa bado yanamwagika.

"Thelma," akasema nyuma yangu.

"Naam."

"Siku ile ya mama. Mimi nilikuwa..." Akasimama hapo. Nikangoja. Nikafunga bomba ili nisikie vizuri. "Nilitaka niku..." Akakohoa. "Tia chumvi ya kutosha. Juzi ilikuwa kama ya hospitali."

Nikageuka nikamtazama. Alikuwa ameutoa mkono wake mbovu juu ya meza, karibu na bakuli, na vidole viwili vinavyofanya kazi vilikuwa vinapapasa lile pengo.

Nikapima alichosema. Kilikuwa nusu ya samahani, kwa kukadiria vizuri sana. Lakini binti wa Rochdale alinieleza mara mbili, na penseli, kwamba nusu ndiyo kiwango, na mimi si mtu wa kubishana na sheria. Nikatia chumvi.